Nyumba ya Gwakisa Itakauka Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mvua nzito, isiyo na mzaha. Nimeamka na furaha ambayo sijaionja tangu nilipostaafu ualimu mkuu.

Jana kanisani mchungaji aliomba mvua ipungue. Waumini wote walisema amina. Mimi nilinyamaza. Tupokigwe, mke wangu, alinikanyaga mguu. Sikutikisika. Mfanyabiashara hawezi kumwomba Mungu amfukuzie wateja.

Maana sasa mimi ni mfanyabiashara. Ukaushaji wa nyumba zilizoingia maji! Wa kwanza Tukuyu, wa kwanza Rungwe nzima. Kazi hii nimejifunza kwenye simu, katika video za watu wa ng'ambo. Wenzetu wana mashine inayonyonya unyevu hewani, kubwa kama jokofu. Mimi sina mashine. Nina feni, majiko ya mkaa, ndoo na elimu.

Bango limekamilika: AMBINDWILE UKAUSHAJI. MAJI YAKIINGIA, NASI TUNAINGIA. Herufi nimechora mwenyewe. Zimenyooka.

Mchana nilipanda bodaboda hadi Kisondela kutafuta wateja. Bibi mmoja ana maji sebuleni hadi kwenye vifundo vya miguu. Bata wake anaogelea chini ya meza. Nilimweleza huduma zangu kwa utaratibu, tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kisha akasema maji yaliingia yenyewe na yatatoka yenyewe, yeye hakuyaalika. Akanipa ndizi za kuchoma. Nikarudi na ndizi.

Kupita dukani kwa Jairo ni lazima, barabara ni moja. Jairo anauza misumari, bati na rangi, na kwa sababu hiyo anajiona mhandisi. Alisimama mlangoni akapaza sauti: "Mwalimu! Mto Kiwira umeshaukausha, au unangoja feni ya pili?" Wateja wake walicheka. Mmoja nilimfundisha mimi, darasa la nne. Nimelikumbuka jina lake.

Jumanne, 16 Aprili

Mteja! Lakini afadhali angekuwa mtu mwingine.

Upepo wa usiku umeng'oa bati nyumbani kwa Gwakisa. Mvua imemiminika sebuleni na chumbani hadi asubuhi. Mwenyewe hayupo. Amelazwa hospitalini Mbeya tangu wiki iliyopita kwa sababu ya kifua.

Gwakisa ni rafiki yangu. Katika mji huu ni yeye peke yake anayeniacha nimalize sentensi. Kila alasiri tunacheza drafti barazani kwake. Mimi hushinda. Yeye husema anashinda yeye, nami humwacha, kwa kuwa ni mgonjwa.

Nilimkuta binti yake, Justa, amesimama katikati ya sebule na ndoo mkononi, machozi yanamtoka. Alisema daktari ameonya: mzee akilala kwenye unyevu, kifua hakitapona tena. Ataruhusiwa Jumamosi. Chumba cha Justa ni kimoja, anaishi humo na watoto watatu. Na kaka yake, Anyelwisye, aliyeko Dodoma serikalini, ametoa neno la mwisho: nyumba isipokauka ifikapo Jumamosi, baba anahamia Dodoma. Si kutembea. Kuhamia.

Baadaye Gwakisa mwenyewe alinipigia simu kutoka kitandani. Sauti ilikuwa nyembamba. Alisema ng'ombe wake wako hapa, migomba yake iko hapa, kaburi la mkewe liko hapa. "Mwalimu," akasema, "usiniache nikapelekwa kule." Nikamwambia Jumamosi atalala kitandani kwake, shuka kavu, ukuta mkavu. Nimeahidi.

Jairo alikwisha kufika kabla yangu, kapanda juu ya paa, anagongelea bati jipya. Bila kuitwa! Alipoteremka alimwambia Justa kwamba anacho chumba kikavu cha wageni, baba akae kwake hadi nyumba ijikaushe taratibu, hata mwezi mzima. Justa alianza kukubali. Nilimuwahi. Nikasema hakuna haja ya kumsumbua Bwana Jairo, kazi hii ni ya kitaalamu. Drafti ichezwe barazani kwa Jairo? Kamwe.

Justa aliweka ndoo chini. Akauliza, "Baba mdogo, una hakika?" Nikasema ninayo. Akanipa ufunguo, akaondoka kwenda Mbeya kumuuguza mzee.

Jairo akanong'ona kwamba tofali za nyumba ile ni mbichi, hazikuchomwa, na tofali mbichi iliyolowa ni kama mkate ndani ya chai: usiishike, usiichemshe. Ushauri wa bure kutoka kwa muuza misumari!

Jumatano, 17 Aprili

Kazi imeanza. Mvua haijakatika.

Vyombo vyote nimetoa nje, makochi, kabati, magodoro. Vinahitaji kinga ya mvua, kwa hiyo nimeazima turubai la jumuiya na kulifunga uani. Nimeazima pia viti vya plastiki vya kanisa, nikavipanga kwa safu, na juu yake nimeanika mito na mapazia. Mbele nimewasha moto wa magogo ili vitu vipate joto. Ndani nimetandaza majani makavu ya migomba sakafu nzima, yanyonye maji. Majiko ya mkaa yako kila kona. Madirisha nimefunga kabisa. Kwenye video hufunga.

Tupokigwe aliniletea chakula. Alichungulia ndani akarudi nyuma akikohoa. Alisema, "Baba Tulia, humo unakausha nyumba au unapika kande?" Akashauri nifungue madirisha. Nikamweleza kwamba hewa ya nje ina unyevu na ya ndani ina joto, na vitu hivyo viwili havipaswi kukutana. Aliniuliza basi ule moshi utoke wapi. Nikaongeza mkaa. Aliondoka akiwa amefunga kanga puani.

Feni iliwaka kidogo, ikatoa harufu, ikazima umeme wa nyumba nne. Majirani wametoa maoni yao. Sitayaandika.

Ilipofika jioni kuta zilikuwa zinatoka jasho. Matone makubwa yanateleza kama paji la uso la mtu mwenye homa. Niliweka kiganja ukutani. Joto, na laini. Laini kupita nilivyopenda. Nimejiambia ni unyevu unatoka. Ukitoka, umetoka.

Jambo moja zuri: picha kubwa ya Gwakisa, ile ya suti aliyopiga alipostaafu, ilikuwa imeanza kuingia maji kwenye fremu. Nimeiweka juu ya meza ndogo chini ya turubai, karibu na moto. Pembeni nimeweka chombo cha maua, maana hakikuwa na mahali pengine.

Jumatatu nilikuwa sina kazi. Leo ninayo. Kesho kutwa ni Ijumaa.

Alhamisi, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaanza mwanzo.

Asubuhi nilipiga picha ya uwanja mzima: turubai, viti, moto, meza yenye picha, na bango langu pembeni. Nikaituma kwenye makundi yote ya WhatsApp, la jumuiya, la walimu wastaafu, la ukoo, la wakulima wa parachichi. Nikaandika: "Tupo nyumbani kwa Mzee Gwakisa. Kazi inaendelea hadi Jumamosi. Karibuni nyote." Tangazo fupi, lenye adabu.

Haijapita hata saa moja, watu wakaanza kuingia. Watu! Wanawake wamejitanda kanga, vichwani mikungu ya ndizi na mizigo ya kuni. Walinisalimia kwa sauti ya chini, wakanishika mikono yote miwili, wakaingia ndani na kuketi chini juu ya majani yangu. Wanaume wakakaa kwenye viti. Mito ya makochi wakaikalia. Nilishangaa kidogo, lakini niliona ndiyo faida ya matangazo. Nikawagawia kadi za biashara. Walizipokea kwa heshima kubwa, wakaziweka mifukoni bila kuzisoma.

Wanaume kadhaa walikuja na majembe wakauliza wachimbe wapi. Watu wema! Nikawapeleka nyuma ya jiko, nikawaambia wachimbe kirefu, maji ya mvua yapate pa kwendea. Walitazamana. Mmoja akasema sehemu ile haifai, afadhali karibu na mkewe. Nikasema popote penye mteremko.

Kisha Felista akaingia. Felista ni shemeji yake Gwakisa, dada wa marehemu mkewe, anatoka Nkunga. Alifika getini, akaiona picha, akaangusha kikapu, akapiga ukunga uliofukuza kuku wote. Akajitupa chini kwenye matope. "Shemeji yangu umeniacha na nani! Na lile deni la mbuzi sijakulipa!" Ndani wanawake wote wakaitikia kwa kilio. Uwanja mzima ukalia.

Nami nilisimama na kadi mkononi.

Turubai. Viti vya kanisa. Moto wa magogo. Majani ya migomba sakafuni. Picha ya suti na maua. Mgonjwa aliyelazwa Mbeya. Nimekulia Rungwe, nimehudhuria misiba tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na nimeupanga huu kwa mikono yangu bila kuutambua!

Jairo akaja mbio, kavaa koti jeusi, macho mekundu. Alinikumbatia. Jairo! Akasema, "Ndugu yangu, hata kuniambia?" Nikamvuta nyuma ya kabati nikamwambia ukweli. Aliniachia. Machozi yakamkauka papo hapo. Akasema, "Panda kwenye kiti uwaambie sasa hivi. Sasa hivi, Mwalimu, kabla hawajaleta ng'ombe."

Nilikusudia kupanda. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini niligeuka nikauona umati. Nkunga walikuwepo, Kisondela walikuwepo, walimu, manesi, wazee wa kanisa. Rungwe yote imekaa imelitazama bango langu. Ni lini tena nitapata hadhira kama hii? Nikaona nisubiri kidogo, kadi ziishe.

Zilipoisha, mapambio yalikuwa yameanza na hakuna aliyenisikia.

Ijumaa, 19 Aprili

Wameleta ng'ombe.

Simu ya Justa haipatikani, wala ya Gwakisa. Hapana shaka chaji imewaishia hospitalini. Mbaya zaidi: ukoo umempigia Anyelwisye. Ameondoka Dodoma kwa gari, anakuja kumzika baba yake. Nikampigia. Alisikia sauti yangu tu, akaangua kilio, akakata. Nikamwandikia ujumbe: "Baba yako ni mzima." Akajibu: "Amina, Mwalimu. Mzima mbele za Bwana." Nikaandika tena. Hakujibu tena. Yuko Makambako, mvua inanyesha, macho yana machozi, malori barabarani.

Nilipanda juu ya kiti hatimaye. Nikasema, ndugu zangu, Gwakisa hajafa. Kisha mzee mmoja akainuka taratibu, akanishusha kwa mkono, akawaambia wenzake kwamba huyu alikuwa rafiki yake kipenzi, akili imeshindwa kupokea. Wakanipa chai. Wakanikalisha kati ya watu wawili wenye nguvu nisije nikajidhuru. Jairo alikuwa jirani. Niliona mabega yake yakitikisika. Hakuwa analia.

Na nyumba! Wanawake walioingia na nguo zilizolowa. Matope ya miguu yote ile. Majani yamekuwa uji. Kutoka nilipokuwa nimekalishwa nilisikia kitu kikianguka ndani, pwaa, na wanawake wakatoka mbio. Plasta ya ukuta wa chumbani. Imeachia kipande kizima na kulalia mahali panapokaa kitanda cha Gwakisa. Kesho ndiyo Jumamosi.

Alasiri taksi ikasimama getini. Daktari alikuwa amemruhusu siku moja kabla.

Alishuka Justa. Kisha akashuka Gwakisa, na fimbo, na kofia ya sufu.

Mapambio yalikatika katikati ya mstari. Felista alimwona, akasema "Tata!" kwa sauti ndogo kama ya mtoto, akaingia migombani, na hadi naandika haya hajatoka. Wachimbaji wakaacha majembe. Gwakisa aliwatazama wote. Akasalimia, "Ugonile." Akauliza nani amefariki. Hapo akaiona picha.

Aliisogelea, akaitazama kwa muda. Akasema suti ile ilimpendeza. Kisha akaenda nyuma akalitazama shimo, limejaa maji ya mvua hadi juu, akauliza kama walikusudia kumzika au kumzamisha. Mtu mmoja akacheka kwa woga. Kisha wote. Kicheko kilikuja kama mvua ya mawe juu ya bati. Gwakisa alikaa kwenye kiti cha mbele, akaomba nyama, akaanza kuuliza nani amekuja na nani hakuja. Ukweli ni kwamba alifurahi. Tangu mkewe afariki sikuwahi kumwona amefurahi vile.

Nikaanza kupumua. Nilidhani yamekwisha.

Kisha akasema amechoka, akalale kidogo. Akaingia ndani.

Tulisikia kikohozi. Kilianza kidogo, kikaendelea, kikaendelea. Justa alikimbia ndani akamtoa amemshika kwapani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alimweka karibu na moto, akamsugua mgongo, na hakunitazama hata mara moja. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Afadhali angenitukana.

Jairo alichuchumaa mbele ya mzee. Alimbeba Gwakisa mgongoni hadi kwake, kwenye kile chumba kikavu.

Jumamosi, 20 Aprili

Anyelwisye alifika asubuhi. Alivaa nyeusi. Alimkuta baba yake kitandani kwa Jairo anakunywa uji. Alipiga magoti mlangoni akashindwa kusimama. Mtu mzima, afisa wa serikali. Nilikuwa dirishani, nikaondoka.

Baadaye aliniita. Nilimfundisha huyu kusoma. Alinisalimia shikamoo, kwa adabu zote, na adabu ile iliniumiza kuliko kofi. Alisema ameikagua nyumba. Jairo akarudia tena kwamba chumba kipo, mzee akae hata mwaka. Anyelwisye alimshukuru, lakini akasema hawezi kumwacha baba yake katika mji ambao umekwisha kumlilia na kumchimbia shimo. Nilifungua kinywa. Sikuwa na hoja. Ni mara ya kwanza.

Gwakisa hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Alikwenda kaburini kwa mkewe, akasimama kidogo, akarudi. Ng'ombe wake amemwachia Felista, aliyekwisha kutoka migombani.

Garini alinishika mkono kupitia dirishani. Aliushika muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, ulijitahidi."

Ulijitahidi! Ndilo neno nililokuwa nikiwaandikia wanafunzi wa mwisho darasani. Gari likaondoka. Nilibaki barabarani kwenye mvua, na Jairo alikuwa upande wa pili naye amebaki. Hatukutaniana.

Jumatano, 24 Aprili

Gwakisa amepiga simu.

Kifua hakimsumbui. Kikohozi kilikoma siku ya pili tu. Anasema Dodoma hakuna mvua, jua ni la kutwa, nguo zinakauka kabla ya kubanwa kwenye kamba, na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Mwanawe anatoka asubuhi na kurudi giza likiingia. Wajukuu wanatazama simu. Anakaa barazani peke yake. Aliniuliza kama huku kuna mvua. Nikamwambia inanyesha. Akaniomba nisogeze simu dirishani asikie. Nilisogeza. Tulikaa hivyo hadi salio lake likaisha.

Nimefikiri mchana kutwa. Tatizo la biashara yangu sasa ninaliona wazi kabisa, na halikuwa madirisha, wala majiko, wala turubai. Lilikuwa eneo. Rungwe kila mtu amezoea maji. Mtu ana bata chini ya meza na hashtuki!

Nimeulizia kwa watu wanaojua. Dodoma nzima hakuna mkausha nyumba hata mmoja. Hata mmoja! Hakuna bango, hakuna Jairo, hakuna mpinzani wa aina yoyote. Soko lote liko wazi na hakuna aliyeliona kabla yangu.

Tupokigwe ameuliza nitakausha nini huko. Hilo ni swali la mtu asiyeelewa biashara. Nimemjibu kwamba jua lenyewe litanisaidia kazi, gharama ya mkaa itakuwa sifuri. Amenitazama, akaenda jikoni, akarudi na begi langu la safari na fulana nne amezikunja.

Bango jipya limeanza kuchorwa: TAWI LA DODOMA. Ofisi itafaa iwe jirani na kwa Anyelwisye, penye baraza pana. Ni kwa sababu za kibiashara tu. Basi linaondoka Mbeya alfajiri.